Beji kuukuu za kampeni, na za wanawake waliodai kura

Mnamo mwaka wa 2022, beji moja ndogo ya bati, ya kutosha kufichwa kiganjani, iliuzwa mnadani nchini Marekani kwa zaidi ya dola 100,000. Haikuwa na dhahabu wala kito. Ilikuwa beji ya kampeni ya mwaka wa 1920 yenye picha za wanaume wawili: James M. Cox, aliyewania urais kwa tiketi ya chama cha Democratic, na mgombea mwenza wake, Franklin D. Roosevelt. Wawili hao waliangushwa vibaya na Warren Harding wa Republican, aliyezoa takriban asilimia 60 ya kura. Beji za aina hiyo, zilipokuwa mpya, ziligawiwa bure au kuuzwa kwa senti chache.

Uchaguzi huo wa 1920 una jambo jingine la kukumbukwa. Ndio uliokuwa uchaguzi wa kwanza wa urais baada ya Katiba ya Marekani kupiga marufuku kumnyima mtu kura kwa sababu ya jinsia yake. Wanawake waliopigania haki hiyo nao waliacha beji zao, na leo beji hizo hutafutwa kwa hamu sawa na zile za marais. Hata hivyo, aina hizi mbili hazikufanya kazi moja. Mwanamume aliyevaa beji ya Cox alikuwa akitangaza kura aliyokuwa nayo tayari. Mwanamke aliyevaa beji ya kudai kura hakuwa na kitu kingine cha kutumbukiza sandukuni. Hiyo beji kifuani ndiyo iliyokuwa kura yake, nayo aliipiga hadharani, mbele ya mumewe, mwajiri wake na majirani.

Ukusanyaji wa vitu hivi una historia ndefu kuliko wengi wanavyodhani. George Washington alipoapishwa kuwa rais wa kwanza wa Marekani mwaka wa 1789, wafuasi wake walivaa vifungo vya shaba vilivyoshonwa kwenye makoti, vikiwa na herufi za kwanza za jina lake na maneno ya kumtakia rais maisha marefu. Hivyo vilikuwa vifungo hasa, vya kufunga nguo. Katika kampeni ya mwaka wa 1860, picha halisi za Abraham Lincoln na wapinzani wake zilichapwa kwenye vibati vidogo na kuwekwa ndani ya fremu za shaba. Mpiga kura akaweza kwa mara ya kwanza kuvaa sura ya mgombea jinsi ilivyokuwa, wala si jinsi mchoraji alivyotaka iwe.

Beji tunayoijua leo, ile ya mviringo yenye pini nyuma, ilizaliwa katika muongo wa 1890, na mama yake alikuwa seluloidi. Hii ni aina ya awali ya plastiki iliyoendelezwa Marekani na John Wesley Hyatt yapata mwaka wa 1870, wakati watu walipokuwa wakisaka kitu cha kuchukua nafasi ya pembe za ndovu katika kutengeneza mipira ya biliadi. Pembe hizo, nyingi zake, zilikuwa zikisafirishwa kutoka soko la Unguja. Kampuni ya Whitehead & Hoag ya mji wa Newark, New Jersey, ilipata hataza za kufunika picha ya karatasi kwa utando mwembamba wa seluloidi juu ya kibati, kisha kuvikaza vyote kwa pete ya chuma iliyoshikilia waya wa pini. Kazi ilikuwa rahisi na gharama ndogo. Rangi za karatasi zililindwa na utando ule uliong'aa kama kioo, na ndiyo sababu beji yenye umri wa zaidi ya miaka 120 yaweza kuonekana leo kana kwamba ilitoka kiwandani jana.

Uchaguzi wa 1896 kati ya William McKinley na William Jennings Bryan ndio ulioifanya beji kuwa silaha ya kampeni. Hoja kuu ilikuwa fedha yenyewe: je, sarafu ya taifa isimamie dhahabu pekee au dhahabu pamoja na fedha? Wafuasi wa McKinley walijibandika vidudu vya rangi ya dhahabu. Wa Bryan walivaa beji zilizotaja uwiano wa 16 kwa 1, yaani kiasi cha fedha kilichodaiwa kulingana na kiasi kimoja cha dhahabu. Mkulima asiyeweza kufafanua sera hiyo aliweza angalau kuibeba kifuani.

Si kila beji iliyobeba ujumbe ulioeleweka kwa namna moja. Tarehe 16 Oktoba, 1901, Rais Theodore Roosevelt alimkaribisha Booker T. Washington, mwalimu na kiongozi mashuhuri wa Wamarekani weusi, kwa chakula cha jioni katika White House. Ghadhabu ilitanda katika majimbo ya kusini. Baadaye zikatokea beji zilizowaonyesha wawili hao wameketi mezani, chini yake neno la Kiingereza lenye maana ya "usawa". Kuna waliozivaa kwa fahari. Kuna pia wapinzani wa rais waliozieneza ili kuwatia hofu wapiga kura weupe. Kibati kilekile, neno lilelile, na nia mbili zinazopingana. Mkusanyaji anayeangalia bei tu, bila kuuliza ni nani aliyekivaa na mahali gani, hajui alichonunua.

Kwa wanawake, beji ilifika wakati mwafaka. Harakati za kudai kura nchini Marekani zilikuwa zimeanza kitambo. Susan B. Anthony alishtakiwa na kutozwa faini ya dola 100 kwa kosa la kupiga kura mwaka wa 1872, faini ambayo alikataa kuilipa. Lakini ni katika miaka ya 1908 hadi 1917 ambapo beji zilifurika mitaani. Nyingi zilikuwa ndogo, za kipenyo cha milimita 22 hivi, zenye maneno matatu tu ya Kiingereza: "Votes for Women", yaani kura kwa wanawake. Rangi iliyotawala ilikuwa manjano, iliyotokana na ua la alizeti la jimbo la Kansas, ambako kampeni kubwa ya kudai kura iliendeshwa mwaka wa 1867 na kushindwa.

Baadhi ya beji hizi zina nyota, na nyota hizo ni kalenda kwa anayejua kuzisoma. Kila nyota ilisimamia jimbo ambalo wanawake walikuwa wameshapata kura. Nne za kwanza ni Wyoming, Colorado, Utah na Idaho, na idadi hiyo ilisimama palepale kutoka 1896 hadi 1910. Nyota ya tano ni Washington, Novemba 1910. Ya sita ni California, Oktoba 1911. Mwaka wa 1912 zikaongezeka Oregon, Kansas na Arizona. Kwa hivyo beji ya nyota tano ina uwezekano mkubwa kuwa ilitengenezwa katika kipindi kifupi kisichofika mwaka mmoja. Hesabu hii si kanuni isiyovunjika, maana beji haikutupwa kwa sababu tu jimbo jingine limeongezeka, ila inamsaidia mchunguzi kuliko maelezo ya muuzaji.

Mwaka wa 1915 ulikuwa mwaka wa beji nyingi na machozi mengi. Majimbo manne makubwa ya mashariki, yaani New Jersey, New York, Pennsylvania na Massachusetts, yaliitisha kura ya maoni kuhusu suala hilo. Huko Massachusetts, mwezi wa Julai, takriban ndege 100,000 wa bati wenye rangi ya buluu waliangikwa sehemu mbalimbali za jimbo kuwahimiza wanaume kupiga kura ya ndiyo. Majimbo yote manne yalikataa. New York ilikubali miaka miwili baadaye, Novemba 1917. Ndege wale wa bati hukusanywa hadi leo pamoja na beji, na aghalabu hupatikana wakiwa na kutu na tundu la msumari.

Nchini Uingereza mambo yalichukua sura kali zaidi. Chama cha WSPU kilichoasisiwa na Emmeline Pankhurst jijini Manchester mwaka wa 1903 kilijichagulia rangi tatu mwaka wa 1908: zambarau kwa heshima, nyeupe kwa usafi wa nia, na kijani kwa matumaini. Beji za rangi hizo ziliuzwa katika maduka ya chama na mitaani, na mauzo yakatunisha mfuko wa harakati. Chama hasimu, kilichopendelea njia za amani na sheria, kilitumia nyekundu, nyeupe na kijani. Mkusanyaji asiyetofautisha zambarau na nyekundu anachanganya watu waliogombana kwa dhati kuhusu mbinu.

Kiswahili kina neno moja, kifungo, kwa kitu cha kufunga shati na kwa adhabu ya jela, na katika historia hii maana hizo mbili zinakutana. Mamia ya wanachama wa WSPU walifungwa, wengi wao katika gereza la wanawake la Holloway jijini London. Kuanzia Aprili 1909, waliotoka gerezani walitunukiwa bruchi ya fedha iliyobuniwa na Sylvia Pankhurst, binti ya Emmeline. Ina umbo la lango la vyuma, ambalo ni nembo ya Bunge la Uingereza, na katikati yake mshale uliokuwa ukichapwa kwenye sare za wafungwa, umepakwa zambarau, nyeupe na kijani. Mwaka huohuo wafungwa walianza kususia chakula, na serikali ikaanza kuwalisha kwa nguvu kupitia mipira iliyosukumwa puani au kooni. Waliopitia mateso hayo walipewa nishani yenye utepe wa rangi za chama.

Wanawake wa Marekani waliiga. Kuanzia Januari 1917, wanachama wa kundi lililoongozwa na Alice Paul walisimama kimya nje ya White House wakiwa na mabango. Walikamatwa kwa kosa la kuzuia njia na wengi wakapelekwa katika gereza la Occoquan, Virginia. Desemba mwaka huo waliofungwa walikabidhiwa pini ndogo ya fedha yenye umbo la mlango wa seli, na juu yake mnyororo wenye kufuli lililochongwa kama moyo. Idadi yake inalingana na idadi ya waliofungwa, kwa hivyo haiwezi kuongezeka. Moja inapojitokeza sokoni ikiwa na ushahidi wa mwenyewe, hununuliwa kwa maelfu ya dola, na mara nyingi mshindani wa mkusanyaji ni jumba la makumbusho.

Wakenya wanaokumbuka enzi za chama kimoja, wakati beji yenye picha ya rais kwenye ukosi wa koti ilikuwa ishara ya utiifu, huenda wakashangaa kwamba kitu hichohicho kiliwahi kumfanya mvaaji atiliwe shaka na askari. Tofauti ni nani anayenufaika na kuonekana kwake.

Wapinzani wa kura ya wanawake nao walikuwa na beji na alama zao, na miongoni mwao walikuwemo wanawake wengi. Rangi yao ilikuwa nyekundu. Agosti 1920, bunge la Tennessee lilipokutana kuamua kama jimbo hilo lingekuwa la 36 kuidhinisha Marekebisho ya 19 ya Katiba, idadi iliyohitajika kuyafanya sheria, wabunge waliounga mkono walivaa waridi la manjano na wapinzani waridi jekundu. Mtu angeweza kuhesabu kura kabla hazijapigwa kwa kutazama vifua tu. Hesabu hiyo ilipotoka. Harry Burn, mbunge wa miaka 24 aliyekuwa na waridi jekundu, alikuwa pia na barua ya mama yake mfukoni ikimsihi awe mtoto mwema na kuunga mkono wanawake. Tarehe 18 Agosti akasema ndiyo, na hoja ikapita. Ikumbukwe kwamba wanawake weusi wa majimbo ya kusini waliendelea kuzuiwa kwa hila na vitisho hadi sheria ya haki za kupiga kura ya mwaka wa 1965.

Anayetaka kuanza kukusanya hana budi kuelewa jambo moja linalowakanganya wengi: mshindi huwa rahisi na mshinde huwa ghali. Kampeni yenye fedha hutapakaza beji kwa mamilioni, na mshindi akiingia ikulu watu huzihifadhi. Kampeni fukara huchapisha chache, na baada ya kushindwa hutupwa. Ndiyo maana beji za Cox na Roosevelt zina bei ile. Chama chao kilikuwa na uhaba wa fedha, na baadaye mgombea mwenza yule akawa rais kwa zaidi ya miaka 12, kuanzia 1933 hadi 1945, hivyo kila mpenzi wa Roosevelt anaitaka beji yake ya kwanza ya kitaifa. Beji zenye picha za wagombea wawili pamoja hupendwa kuliko zenye jina tu. Lakini uchache peke yake hautoshi; lazima pawe na mtu anayekitaka kitu hicho.

Upande wa pili ni uchaguzi wa 1940. Roosevelt alipowania muhula wa tatu, wafuasi wa mpinzani wake Wendell Willkie walitoa beji za kejeli bila kuhesabu, zikiwemo zilizomwambia mkewe, Eleanor, afungashe virago. Zingali tele, na hununuliwa kwa dola chache. Mtu mwenye kipato cha kawaida anaweza kujaza sanduku zima kwa beji za mwaka huo, tena za kuchekesha. Mwenye kutaka za wanawake asubiri zaidi. Beji ndogo za kawaida za kudai kura hugharimu makumi hadi mamia ya dola, na zenye michoro huzidi hapo.

Ughali huu umezaa walaghai, na hapa ndipo hasara inapokuwa kubwa kuliko fedha. Mwaka wa 1968 kampuni ya karatasi laini ya Kleenex ilitoa seti ya nakala za beji za kale kama zawadi kwa wanunuzi, na mwaka wa 1972 kampuni ya mafuta ya American Oil ikafanya vivyo hivyo. Nakala hizo hazikuwa na nia mbaya. Ziliandikwa ukingoni zilivyo, ila maandishi hayo hukwanguliwa au kupakwa rangi na wajanja. Mwaka wa 1973 Marekani ilipitisha sheria inayolazimisha nakala za vitu vya kisiasa kuchapwa mwaka zilipotengenezwa. Zilizotoka kabla ya hapo zingali zinazunguka.

Kinga ya kwanza ni kujua ufundi. Mbinu ya kuchapa picha moja kwa moja juu ya bati, bila karatasi wala seluloidi, haikuingia katika beji za kampeni hadi mwaka wa 1916 hivi. Beji ya McKinley ya mwaka wa 1896 iliyochapwa kwa mbinu hiyo ni nakala, hata muuzaji aape. Geuza beji utazame mgongo wake. Za zamani mara nyingi zina karatasi ndogo yenye jina la kiwanda na tarehe za hataza. Tarehe hizo nazo zina mtego: Whitehead & Hoag iliendelea kuandika hataza za 1894 na 1896 kwenye beji zilizotengenezwa miaka mingi baadaye. Zinaonyesha kwamba beji haiwezi kuwa ya kabla ya hapo, basi. Aidha, vuguvugu la haki za wanawake la miaka ya 1970 lilifufua maneno ya kudai kura kwenye beji mpya kabisa, na baadhi ya hizo sasa zimechakaa vya kutosha kudanganya.

Uongo mwingine umeenea nchini Uingereza. Pete na mikufu mingi ya mwanzoni mwa karne ya 20 yenye mawe ya zambarau, kijani na lulu huuzwa kama mapambo ya wapigania kura. Mchanganyiko huo ulikuwa mtindo wa kawaida wa enzi hizo, na idadi kubwa ya mapambo hayo haina uhusiano wowote na WSPU. Kila yanapouzwa kwa jina hilo, mwanamke aliyeingia Holloway anawekwa safu moja na mwanamke aliyependa tu rangi nzuri.

Utunzaji wa beji ni rahisi kwa masharti machache. Adui mkubwa ni maji. Usioshe beji ya seluloidi, wala usiifute kwa kitambaa kilicholowa, kwa kuwa unyevu hupenya ukingoni na kuchora madoa ya kahawia kwenye karatasi ya ndani, madoa yasiyotoka. Jua hufifisha rangi. Seluloidi hushika moto upesi na huharibiwa na joto, hivyo beji zisiwekwe karibu na jiko, wala zisifungiwe katika plastiki isiyopitisha hewa. Wakusanyaji wengi hutumia visanduku vyembamba vyenye pamba chini na kioo juu. Kwa wakazi wa pwani, ambako chumvi na unyevu wa hewa hula chuma bila huruma, visanduku hivyo vinahitaji kukaguliwa mara kwa mara.

Si lazima mtu aanze na karne ya 19. Mwaka wa 1972 Shirley Chisholm, mwanamke mweusi wa kwanza kuchaguliwa katika Bunge la Congress, aliwania tiketi ya urais ya Democratic akijinadi kuwa hakununuliwa wala hana bosi. Hakupata tiketi, lakini beji zake zimepanda thamani. Zile za Barack Obama za mwaka wa 2008 ni kinyume. Wakenya wengi wanazo, kumbukumbu ya ushindi uliofanya serikali kutangaza Novemba 6 mwaka huo kuwa sikukuu. Nyingi zilichapwa na wachuuzi kwa mamilioni na hazina bei ya maana. Zinazotafutwa ni za makundi madogo ya mtaani yaliyochapa mia moja au mia mbili kwa ajili ya mkutano mmoja.

Hilo ndilo kosa la kawaida la familia: beji hubaki, maelezo hupotea. Pini ya mlango wa seli bila jina la mfungwa hupoteza sehemu kubwa ya thamani yake, na mtafiti hawezi kuitumia. Inapopatikana sandukuni pamoja na barua, picha au kipande cha gazeti, vitu hivyo visitenganishwe hata kama mnunuzi anataka beji peke yake. Jina la aliyeivaa, mji wake na mwaka viandikwe kwa penseli kwenye karatasi ya kando, kamwe si kwenye mgongo wa beji.